Treni ya zamani Dar mpaka Kigoma: namna ya kulala njiani siku mbili na ukafika unacheka

Kila nikisema naenda Kigoma kwa treni lazima atokee mtu aulize "ile ya umeme?" Hapana ndugu yangu. Ile ya umeme ilianza kubeba abiria mwaka 2024, inaishia Dodoma, na ukisinzia kidogo unakuta umeshafika. Mi naongelea ile ya zamani, ya reli ya mita moja, inayotoka Dar ikapita Moro (Morogoro), Kilosa, Dodoma, Manyoni, Tabora, Kaliua, Uvinza mpaka inagota Kigoma, Ziwa Tanganyika. Zaidi ya kilomita 1,250. Nimeipanda sana, na kila ikifika mwezi wa kumi na mbili ndugu wanaanza kunipigia, tubebe nini, tukate daraja gani, choo kikoje, sasa nimechoka kurudia rudia kwenye simu nimeona niandike yote hapa mwenye kusoma asome.

Kabla ya tiketi kuna kitu kimoja inabidi ukubaliane nacho. Hii sio basi. Mtu anayeipanda huku anaangalia saa kila dakika atafika Kigoma ana kisukari cha hasira. Reli yenyewe ni njia moja tu, kwahiyo treni mbili zikikutana lazima moja isubiri stesheni mpaka mwenzake apite, na unaweza ukakaa kwenye kistesheni ambacho hujawahi kukisikia, kuna mwembe mmoja na mbuzi watatu, nusu saa, saa nzima, alafu inapita treni ya mizigo taratiiibu, ndo na nyie mnaondoka. Hiyo ndo kawaida, mpango uko hivo tangu Mjerumani alipoanza kuitandika Dar mwaka 1905 akafika nayo Kigoma 1914, miezi michache tu vita kuu ya kwanza ianze. Na kama ni masika uliza kabisa kabla hujalipa, kipande cha Kilosa mpaka Gulwe reli inafuatana na mto Mkondoa, mto ukikasirika unabeba tuta na reli yake, na safari inasimama.

Kwahiyo mahesabu yangu mimi: weka siku mbili kamili za njiani, alafu ongeza siku moja ya akiba. Harusi Jumamosi? Panda treni ya kukufikisha Alhamisi. Usinipigie Ijumaa jioni bado uko njiani Itigi unalia.

Tiketi sasa. Nenda mapema, na mapema simaanishi masaa, namaanisha siku kadhaa, na wakati wa likizo za shule na sikukuu hata wiki mbili, kwasababu vitanda ndo vinavyoisha kwanza, viti huwa vinabaki. Ukiwa dirishani uliza mambo manne: treni inaondoka siku gani (haiendi kila siku, na siku zinabadilishwa), inaondokea stesheni ipi, behewa namba ngapi, kitanda namba ngapi. Hili la stesheni usilipuuze, siku hizi Dar kuna stesheni kubwa mpya ya treni ya umeme na ipo ile ya zamani, na nimeshaona familia nzima na mabegi yao wanakimbia kutoka moja kwenda nyingine jasho linawatoka. Beba kitambulisho, NIDA au chochote chenye picha, na jina kwenye tiketi liwe la anayesafiri.

Alafu saa. Hapa ndo watu wengi wanaumia, hasa wanaopandia katikati ya njia. Tiketi inaandikwa kwa saa ishirini na nne, 21:00 ni saa tatu usiku, hiyo haina shida. Shida ni pale tiketi ya mtu wa Tabora ikisema tarehe 15 saa 01:00. Hiyo ni saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15, yani unatakiwa uwe stesheni tarehe 14 usiku na begi lako. Binamu yangu aliisoma vizuri tu, akalala, akaamka tarehe 15 akanywa chai, akafua, jioni akaenda stesheni. Treni ilishafika Kigoma na abiria wameshaoga.

Daraja. Yapo manne kwa hesabu ya kawaida: la kwanza chumba cha vitanda viwili, la pili kulala chumba cha vitanda sita, la pili kukaa, na la tatu. Wengi watakwambia ukiwa na hela panda la kwanza. Mi nakataa. La kwanza ni zuri kama mko wawili, mke na mume, au mama na mtoto mdogo, mnafunga mlango mnaishi. Ila kama uko peke yako, chumba cha watu wawili ni kamari, ukipata jirani anayekoroma au asiyependa kuongea umekwisha, siku mbili mnatazamana kama watu wako kwenye kesi. La pili kulala ndo penyewe. Mko sita, hata wawili wakiwa wagumu wanabaki wanne, kuna mtu ana karanga, kuna mtu ana pawabenki, kuna mama anaenda Nguruka anajua kila stesheni na bei yake, na kuna mzee ambaye atawahadithia mambo ya kazi aliyostaafu mpaka mnalala. Na muhimu kuliko vyote, ukienda kula au chooni kuna macho ya watu watano yanaangalia begi lako.

Vyumba vya la pili wanatenganisha wanaume na wanawake, labda muwe familia mmekata chumba chote. Kwahiyo wachumba mnaotaka kukaa pamoja mkate la kwanza, msianze kubishana na mhudumu wa behewa usiku, mtabishana na mtu ambaye ndo atakuja kuwaamsha mkifika.

Kitanda kipi? Cha juu. Najua watu wanakimbilia cha chini, ila cha chini mchana ni benchi la wote, watu watakaa hapo, watoto wataruka hapo, mtu atamenyea chungwa hapo, na wewe ukitaka kulala saa nane mchana utaonekana una kiburi. Cha kati mchana kinakunjwa. Cha juu ni mali yako masaa yote, unapanda zako na redio yako hakuna anayekuuliza. Ubaya wake ni joto Dar mpaka Moro na kupanda kwenyewe, kwahiyo wazee, wajawazito na wenye magoti wapewe cha chini, na kama namba yako ni ya chini akaingia bibi ana namba ya juu usisubiri kuombwa, mwambie tu "shikamoo bibi, kaa hapa mi ntapanda". Hiyo shikamoo moja itakulisha mpaka Kigoma, nasema kwa ushahidi, niliwahi kupewa kuku mzima.

La pili kukaa na la tatu nimepanda pia, enzi za uanafunzi, na sitakudanganya. Mchana raha tupu, stori nyingi. Usiku wa pili ndo mziki, shingo inakuwa kama ya mtu mwingine, miguu inavimba, na kila stesheni kuna mtu anapanda na gunia. Ukienda huko chukua kitambaa cha kufunika uso, mto wa shingo au hata kanga iliyokunjwa, na kaa upande wa dirisha uweze kuegemea. Wafanyabiashara wanaopanda huko kila siku wana mbinu zao, angalia wanafanya nini na wewe fanya, usione aibu.

Mizigo. Begi moja la kuweka chini ya kitanda na kijibegi kimoja cha kuwa nacho mwilini, basi. Mzigo mkubwa wa biashara peleka ukapimwe na ulipiwe kwenye behewa la mizigo, usijaribu kuingiza friji chumbani (imeshawahi kuingizwa, sitaki kuongelea). Kwenye kile kijibegi weka hela, simu, tiketi, dawa zako, na hicho kijibegi kinaenda na wewe chooni, kinakula na wewe, kinalala na wewe.

Vitu vya kubeba ambavyo watu wanasahau: shuka na kitu kizito kidogo, kwasababu ukitoka Dar unatokwa jasho unajisemea sweta la nini, alafu usiku wa Manyoni unatetemeka, kule ni juu zaidi ya mita 1,200, na mwezi wa sita wa saba ni balaa. Karatasi ya chooni na sabuni. Ndala. Tochi ndogo, maana taa zinaweza kuzimwa au kuzimika. Pawabenki mbili kama unazo, usitegemee kuchaji njiani, na ujue kuna vipande virefu baada ya Kaliua mtandao unakata kabisa kwahiyo mwambie mama yako mapema asije akapiga simu polisi. Maji ya kunywa ya kutosha siku ya kwanza. Dawa ya mbu, tafadhali, treni ikisimama usiku karibu na maji dirisha likiwa wazi utatoa damu kuliko hospitali. Chenji, yani noti za elfu na sarafu nyingi, maana muuza mihogo hana chenji ya elfu kumi na treni haimsubiri aitafute. Na bakuli lenye mfuniko na kijiko. Hilo bakuli nitalirudia.

Kingine ni kipande cha mbao au kijiti kigumu cha kukazia dirisha. Wakongwe wote wanacho. Baadhi ya madirisha loki yake imechoka, mtu wa nje anaweza akaliteremsha usiku treni ikiwa imesimama, kwahiyo unakaza na mbao. Kwenye stesheni kubwa usiku usishike simu dirishani unachati, mkono unatoka gizani hauoni hata umetoka wapi, simu imeenda. Mlango wa chumba ufungwe kwa ndani wote mkilala, na mtu akigonga muulize nani kwanza.

Ukipanda, fanya hivi kabla ya kitu kingine chochote. Tafuta behewa lako kwa namba iliyoandikwa ubavuni, ingia, weka mzigo, alafu salimia kila mtu chumbani na uliza kila mmoja anashukia wapi. Sio umbea. Ukijua kwamba mama yule anashukia Dodoma na kijana yule Tabora unajua begi likitoka na nani ni sawa na likitoka na nani sio sawa, unajua kitanda gani kitakuwa wazi, na unajua nani atakuwepo usiku wa pili. Mkishajuana majina mmeshakuwa kijiji. Mi huwa natoa kitu cha kula mapema kabisa, karanga au maandazi, hata kabla treni haijafika Pugu, nazungusha. Inafungua midomo.

Usiku wa kwanza ukiondoka Dar usiku huoni kitu, lala. Moro inapita giza, utasikia tu kelele za wauza ndizi na chai. Mwili utasumbuka kidogo kwasababu reli ni nyembamba na treni inayumba, inabembea kulia kushoto, ila baada ya masaa mawili unazoea, na ukirudi nyumbani kitanda kisichobembea ndo kitakusumbua.

Amka alfajiri. Kama bahati iko na wewe utaamkia Kilosa au baada yake, na hapo ndo pazuri kuliko kote upande wa mashariki, reli inajipinda milimani na mto chini, inapita Kidete, Godegode, vijiji ambavyo watoto wake wote wanaikimbilia treni wakipunga mikono. Nenda kapige mswaki mapema kabla foleni haijaanza. Na kuhusu choo: ni cha kuchuchumaa, tundu linatoka moja kwa moja chini relini, kwahiyo treni ikiwa imesimama stesheni HATUTUMII choo. Watu wanauza chakula pale chini jamani. Maji yapo mwanzoni mwa safari, mwishoni yanaweza kuisha, kwahiyo weka chupa moja ya maji ya kunawa pembeni.

Kabla ya Dodoma mnapita Igandu. Mwezi wa sita mwaka 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima maeneo hayo, ikarudi nyuma kwa kasi ikagongana na ya mizigo, watu 281 walipoteza maisha. Wasafiri wa siku nyingi mkipita hapo huwa wananyamaza kidogo. Na wewe nyamaza.

Dodoma treni inasimama muda, unaweza ukashuka ukanyoosha miguu, zabibu zipo kama ni msimu wake. Wapo wanaopanda ile ya umeme Dar mpaka Dodoma, masaa matatu na nusu hivi, alafu wanaisubiri ya zamani Dodoma. Inawezekana, na inakuokolea usiku mmoja, ila angalia mambo mawili: stesheni ya treni ya umeme na ile ya zamani hapo Dodoma sio jengo moja, utahitaji bajaji, na kitanda cha kuanzia Dodoma uwe umeshakikata, usije ukategemea kukipata papo hapo. Mi binafsi sifanyi hivo. Ukipandia Dodoma unakuta kijiji kimeshaundwa, wewe ni mgeni.

Sasa Saranda.

Baada ya Dodoma mnashuka kwenye tambarare ya Bahi, mashamba ya mpunga na maji, alafu mbele unaona ukuta wa bonde la ufa umesimama, na chini ya ukuta huo ndo Saranda. Kistesheni kidogo tu, ila hakuna msafiri wa reli ya kati asiyekijua, kwa ajili ya kuku. Kuanzia Bahi utaona watu wanaanza kuvaa viatu, wanahesabu hela, mtu aliyekuwa amelala tangu asubuhi ameamka mwenyewe bila saa. Treni ikisimama ni vita. Kina mama wamejipanga na meza na mabeseni, kuku wa kienyeji, wali, ugali, viazi, chai, mishkaki, moshi umetanda, watu mia kadhaa wanashuka kwa pamoja na kila mtu anataka paja.

Mara yangu ya kwanza niliona meza za karibu zimejaa watu nikajiona mjanja, nikatembea mpaka mwisho kabisa wa mstari ambako hakuna foleni. Nikaagiza, nikakaa kwenye benchi kama mtu yuko hotelini, nikaomba pilipili. Honi ikalia. Nikasema bado. Nikageuka naona mabehewa yanatembea. Nilikimbia na sahani ya mama wa watu mkononi, ndala moja ikabaki, nikadaka mlango wa behewa la tatu watu wakanivuta ndani, alafu nikatembea behewa baada ya behewa na ile sahani mpaka chumbani kwetu, mguu mmoja peku. Wenzangu walicheka mpaka Manyoni. Ile sahani niliirudisha safari iliyofuata, na mama alikuwa anaikumbuka.

Kwahiyo utaratibu wa Saranda ni huu. Nunua meza iliyo mbele ya behewa lako, hata kama foleni ndefu. Lipa kwanza, hela kamili mkononi. Usikae, usianze kula. Chukua chakula kwenye BAKULI LAKO, si nilikwambia nitalirudia, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwezi wa sita 2019 na sahani ya mama sio ya kuondoka nayo, rudi ndani ule kwa nafasi huku mnapanda ule mlima. Na mmoja wenu abaki chumbani. Mnapeana zamu, mmoja anashuka na oda za wote, kwetu huwa tunamtuma kijana mwenye mbio, mzee anabaki kulinda mizigo na paja lake analetewa.

Sio kwamba ukikosa Saranda utakufa njaa. Behewa la chakula lipo, wanapika wali na nyama au kuku, chai, soda, wakati mwingine mhudumu anapita kuchukua oda vyumbani, na ni sehemu nzuri ya kukaa mchana kuangalia nje. Na kila stesheni ina chake: mahindi, miwa, mayai ya kuchemsha, karanga, mihogo. Kanuni yangu ni kula kilichochemshwa au kilichochomwa mbele yangu kikiwa cha moto, matunda ya kumenya mwenyewe, na maziwa ya kwenye chupa zisizojulikana nayapita. Kuharisha kwenye treni usiku wa pili siwezi kumuombea hata adui.

Usiku wa pili ndo wa Manyoni, Itigi, mpaka Tabora. Pori refu. Zima simu, toa kichwa kidogo dirishani treni ikiwa imesimama mahali pasipo na taa uangalie nyota, hutaziona hivo Dar maisha yako yote. Ukianza kuhisi baridi vaa kabla hujalala, usisubiri saa tisa.

Tabora inabidi uwe macho, hata kama ni usiku wa manane. Hapo ndo njia panda: moja inaenda Mwanza kupitia Isaka na Shinyanga, nyingine inaendelea Kaliua, na hapo Kaliua inatoka tena ya Mpanda. Kama treni imebeba mabehewa ya njia zaidi ya moja, Tabora yanakatwa na kupangwa upya, mtasikia kishindo, mnarudishwa nyuma, mnasogezwa mbele, linaweza likachukua masaa. Kanuni ni moja: wakati wa kukata mabehewa uwe kwenye behewa lililoandikwa kwenye tiketi yako. Tulikuwa na mzee mmoja anaenda Uvinza, alikuta rafiki yake wa zamani kwenye mabehewa ya Mwanza, wakapiga stori, akapitiwa na usingizi hukohuko. Asubuhi akaamka anaulizwa tiketi anaambiwa mzee karibu Shinyanga. Mizigo yake sisi tulikuwa nayo, tukaishusha Uvinza kwa mwanae, mwenyewe alifika baada ya siku tatu.

Na kama unashukia Tabora kwenyewe usiku, usitoke nje na begi unatafuta bodaboda ya kwanza. Kaa stesheni na wenzako mpaka kupambazuke, au uwe na mwenyeji amekuja. Asali ya huko nunua mchana, ya usiku gizani unaweza ukanunua sukari guru iliyochemshwa.

Asubuhi ya mwisho ni ya taratibu. Urambo, Kaliua, mabani ya kukaushia tumbaku, miombo, wauza asali na uyoga kama mvua zilikuwa nzuri. Nguruka wanapanda watu na samaki na harufu inabadilika. Mnavuka Malagarasi. Uvinza ni chumvi, wanaichemsha kutoka chemchemi tangu enzi za misafara ya watembea kwa miguu, na kwa kweli reli hii yenyewe kwa sehemu kubwa inafuata njia hiyohiyo ya misafara ya pwani kwenda Tabora na Ujiji, ile iliyokuwa inachukua miezi, kwahiyo ukianza kulalamika kwamba umechelewa masaa sita mfikirie aliyetembea na pembe ya ndovu kichwani.

Kuanzia Uvinza anza kujiandaa. Rudisha vya watu, pawabenki, vijiko, shuka. Chukua namba za simu. Mabegi yasogezwe ila yasiachwe mlangoni. Mkiona maji ya bluu na milima, mmefika, stesheni ya Kigoma iko chini kabisa karibu na bandari, jengo zuri la Mjerumani lenye matao, reli inaishia hapo na ziwa linaanza. Meli ya Liemba, ile kongwe ya ziwa hili, nayo ilikuja hivihivi, vipande kwenye makasha, vikapandishwa treni Dar vikaja kuunganishwa hapa.

Ukitoka nje utavamiwa na bajaji na boda, tulia. Kama unaenda Mwanga au Ujiji bei uliza kwa abiria mwenzio wa kule kabla hamjashuka, ndo maana nilikwambia uulize kila mtu anaenda wapi. Wanaounganisha kwenda Bujumbura au Kalemie wasikimbilie bandarini siku hiyohiyo wakidhani kuna meli inawasubiri, wapumzike, waulizie, hati zao za kusafiria ziwe tayari. Kwa kurudi, tiketi yako ya kitanda ikate siku hiyohiyo uliyofika kama dirisha liko wazi, kwasababu kila mwenye dagaa na mawese anataka kwenda Dar, na vitanda vya kurudi vinaisha haraka kuliko vya kuja.

Alafu nenda kaoge, tafuta mgebuka, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ugali, lala. Usishangae usiku ukiamka ukahisi kitanda kinabembea.